Pikapu Yako ya Zamani Inapiga Kelele? Isikilize Hivi Kabla Hujapakia Nyanya



Najua wengi mnakuja hapa kutafuta dawa ya kantangaze, ratiba ya mbolea au namna ya kupambana na bakajani. Leo naomba tuongee gari. Msimu wa mavuno ukianza, simu ninazopigiwa kuhusu pikapu hazipishani sana na zile za magonjwa ya nyanya. "Bwana shamba, gari inagonga, nipakie nisipakie?" Na mimi naona hilo ni swali la kilimo kabisa. Nyanya ikishachumwa haina subira. Huku kwetu Kilolo, lori likishajaa pale Ilula linashuka Kitonga kwenda Dar, halimsubiri mtu aliyekwama njiani na matenga yake.

Vijana wengi ninaofanya nao kazi wamenunua Hilux za zamani za dizeli, zenye injini ya 2L, 3L au 5L. Ni gari nzuri ya shamba. Vipuri vyake vinapatikana, mafundi wanaijua, na haina mambo mengi ya kompyuta. Lakini gari iliyokula miaka 20 au 30 ya rafu rodi na rumbesa lazima ilie mahali. Kama huelewi kilio chake, utafanya moja kati ya mawili: utaipuuza mpaka ikulaze porini na mzigo, au utatishwa na kutoa hela ya mbolea kwa ajili ya ugonjwa ambao gari haina.

Kitu kimoja ninachotaka ukishike leo ni hiki: usiulize kwanza kelele ikoje, uliza inabadilika pamoja na nini.

Ni kama shambani. Majani ya nyanya yakiwa ya njano, siwezi kukwambia weka urea kabla sijaona njano imeanzia wapi. Ikianzia majani ya chini, yale ya zamani, naanza kufikiria upungufu wa naitrojeni. Ikianzia majani machanga ya juu huku mishipa imebaki ya kijani, nafikiria madini ya chuma. Rangi ni hiyohiyo, ila mahali ilipoanzia ndipo panapotoa jibu. Gari nayo ipime hivyohivyo.

Kwanza ondoa vilivyolegea

Kabla ya kuwaza injini, toa kila kitu kinachoweza kugonga chenyewe. Jeki na spana nyuma ya kiti, minyororo ya bodi, tairi ya spea, kibao cha namba, kibati kinachokinga joto la ekzosi. Funga mlango wa bodi vizuri. Kagua nati za tairi, maana nati zilizolegea hugonga pia, na hiyo siyo ya kuchekea hata kidogo. Ukishamaliza, endesha tena. Kelele nyingi za "gari imechoka" zinaishia hapa bila kulipa mtu.

Jaribio la gari iliyosimama

Simamisha gari mahali tambarare, gia iwe nyutro, vuta breki ya mkono, weka jiwe au gogo mbele na nyuma ya tairi. Washa injini. Kama kelele ipo gari ikiwa imesimama, na inaongezeka ukikanyaga mafuta, basi chanzo kiko kwenye injini au vile vinavyozungushwa nayo. Matairi, difu na propela shafti umeshaviondoa kwenye orodha. Umepunguza nusu ya kazi na hujafungua hata nati moja.

Sasa kanyaga klachi mpaka chini. Hapa kuna siri ambayo vijana wengi hawajaambiwa:

- Kama kuna mkwaruzo gari ikiwa nyutro na ukikanyaga klachi unapotea, shuku beringi ya mbele ndani ya giaboksi. Anza kwa kupima oili ya giaboksi.
- Kama kulikuwa kimya na mkwaruzo unaanza pale unapokanyaga, shuku beringi ya klachi.
- Kama klachi haibadilishi kitu, rudi kwenye injini yenyewe na vile vya mbele yake.

Mbele ya injini kuna mikanda. Mkanda uliolegea au kuchakaa hulia kwa sauti kali asubuhi ukiwasha, au usiku ukiwasha taa, kwa sababu alteneta inapata mzigo mkubwa na mkanda unateleza. Zima injini, toa ufunguo, bonyeza mkanda kwa dole gumba katikati ya nafasi kubwa. Kwa kawaida unatakiwa kushuka karibu sentimita 1. Ukibonyea sana, kaza. Ukiwa na nyufa au umeng'aa kama kioo, badilisha.

Kama ni mkwaruzo au mgurumo na siyo mlio wa mkanda, chukua kipande cha mpira wa maji kama mita 1. Upande mmoja weka sikioni, mwingine usogeze karibu na alteneta, wota pampu, kisha ubavu wa injini. Utashangaa jinsi sauti inavyojitenga. Lakini angalia: usivae nguo zinazoning'inia, na mpira usikaribie feni wala mikanda. Feni ya hizi gari inakata kidole bila kuuliza.

Alivyoambiwa injini imekufa

Msimu uliopita kijana mmoja wa kikundi chetu, mwenye ekari 2 za nyanya, alinipigia akiwa kwenye mchumo wa tatu. Pikapu yake ya 3L ilikuwa inaguruma na kugonga kwa mbele. Alikokwenda akaambiwa injini ishushwe, beringi za krenki zimeisha. Akawa ametafuta mteja wa pampu yake ya kumwagilia ili apate hela ya kufanyia overoli. Pampu ndiyo iliyokuwa inamlishia bustani ya kiangazi. Yaani alikuwa anauza msimu ujao ili anusuru huu.

Nikamuuliza maswali. Inagonga ikiwa imesimama? Ndiyo. Inaongezeka na mafuta? Ndiyo. Taa ya oili inawaka? Hapana. Ukipanda mlima na mzigo inazidi? Akafikiri, akasema hapana, iko vilevile. Hilo jibu la mwisho likanipa shaka. Beringi za konrodi zikiisha, mgongo wake ni mzito na kwa kawaida unazidi injini ikipata moto na ikibeba mzigo.

Tukamwomba fundi mwingine atoe mikanda ya mbele injini ikiwa baridi. Ukitoa mikanda, alteneta, feni na wota pampu havizunguki. Akawasha kwa sekunde chache tu, kwa sababu bila wota pampu maji hayatembei na injini inachemka upesi. Kimya. Injini ikanguruma kama Hilux nyingine yoyote. Akazima, akashika feni akaitikisa: inacheza mbele na nyuma. Chini ya wota pampu kuna kitundu kidogo, na pale palikuwa na alama ya maji yaliyokauka. Beringi ya wota pampu ilikuwa imekwisha.

Akabadilisha wota pampu na mikanda, na pampu ya kumwagilia ikabaki shambani. Na kama angeipuuza? Wota pampu ingekwama au kumwaga maji, injini ichemke, na silinda hedi za injini hizi hazivumilii moto uliozidi, zinapasuka. Hapo ndipo overoli ingekuwa ya kweli.

Sauti za injini yenyewe

Dizeli ya zamani asubuhi ikiwa baridi hugonga kidogo kisha hutulia, hilo ni la kawaida. La kushughulikia ni mabadiliko.

"Ti-ti-ti" nyepesi juu ya injini, mara nyingi ni nafasi ya valvu. Pima oili kwanza, kisha fundi apime nafasi. Siyo ya kulala nayo njiani, ila usiiache mwaka mzima.

"Ka-ka-ka" kavu, iliyoanza ghafla, pamoja na moshi mweusi au injini kutetemeka, shuku nozeli. Fundi mzoefu analegeza bomba la nozeli moja baada ya nyingine akisikiliza ni silinda ipi ikizimwa kelele inapotea. Hilo mwachie yeye. Dizeli inayotoka pale ina presha ya kupenya ngozi, kamwe usiweke mkono. Kama kelele imeanza muda mfupi baada ya kujaza mafuta, fikiria pia mafuta yaliyochakachuliwa. Mafuta ya taa hayalainishi pampu ya dizeli inavyotakiwa, na pampu hiyo ni ghali kuliko ulichookoa kwenye lita.

"Tu-tu-tu" inayosikika ukikanyaga mafuta kupanda mlima, na kuna masizi meusi kwenye maungio ya ekzosi, hapo moshi unavuja. Usiseme ni kelele tu. Moshi ukiingia ndani ya kabini, unakuletea usingizi na kichwa kuuma, nawe uko kwenye usukani. Fungua vioo mpaka uzibe.

"Go-go-go" nzito kutoka chini, inayozidi na moto na mzigo, au kugonga kokote kunakoambatana na taa ya oili: zima injini hapohapo. Siyo ukifika kijijini. Hapohapo.

Jaribio la gari inayotembea

Kama gari ikisimama inakuwa kimya na kelele inakuja ukitembea, tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na watu wala magari mengi, na uende na mtu wa kukusaidia kusikiliza. Endesha mwendo wa kilomita 50 kwa saa hivi, toa gia, acha gari iserereke, lakini usizime injini, maana breki na usukani vinaihitaji. Usifanye hivi kwenye mteremko. Kama kelele inaendelea vilevile injini ikiwa imeshuka mzunguko, basi inafuata magurudumu: beringi, matairi, propela au difu.

*Mvumo wa "uuuu" unaopanda na mwendo.* Ni beringi ya gurudumu au tairi. Yumbisha usukani taratibu kushoto na kulia. Ukikata kushoto, uzito unahamia upande wa kulia. Mvumo ukiongezeka hapo, shuku beringi ya kulia, na kinyume chake. Kama mvumo unabadilika ukitoka lami kuingia vumbi, lawama nyingi ni za matairi yaliyoliwa upande. Ukisimama, sogeza mkono karibu na kila kikombe cha gurudumu bila kukimbilia kugusa. Kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, hapo pana tatizo, la beringi au breki inayoshika. Kisha piga jeki, weka stendi au magogo imara chini ya chesesi, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, usibebe mzigo. Na usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, kamwe.

*"Kwi-kwi-kwi" ukianza kuondoka, inayoenda haraka kadiri mwendo unavyoongezeka.* Ni krosi ya propela shafti iliyokauka. Dalili nyingine ni "ka!" moja ukiachia klachi au ukibadilisha kutoka rivasi kwenda gia ya kwanza. Propela nyingi za hizi pikapu zina nipo ya kupigia grisi. Piga grisi, na kama krosi bado inacheza ukiizungusha kwa mkono, badilisha. Ikikatika kwenye mwendo, propela inaweza kuanguka na kupiga chini ya gari.

*"Uiii" kama mluzi ukikanyaga mafuta, inayobadilika ukiachia.* Hiyo ni difu. Fungua bolti ya kujazia oili, ingiza kidole. Oili inatakiwa kuwa usawa wa tundu. Ikiwa imepungua, jaza ile inayotakiwa kisha tafuta inakovujia. Ukikuta vipande vya chuma, muone fundi kabla ya mavuno.

*"Ta-ta-ta" ukikata usukani wote,* kwenye gari ya 4WD ikiwa imefungwa mbele, ni jointi za ekseli ya mbele. Ila kama ni mlio wa kukoroma ukikata usukani hata ukiwa umesimama, angalia kwanza hidroliki ya stelingi.

*Kugonga kwenye mashimo na matuta tu.* Hapo ni miguu: shokapu, bushi, boljointi, springi. Nyuma, kagua yubolti zinazoshika springi kwenye ekseli, na boliti ya katikati ya springi. Hizi hulegea au kukatika kwa sababu ya mizigo. Dalili yake ni gari kwenda upandeupande hata usukani ukiwa umenyooka. Mbele, boljointi ikiisha kabisa tairi linalala chini na gari halina usukani tena. Kwa hiyo kugonga kwa mbele kwenye tuta usikupe jina la "kawaida ya gari la zamani".

Breki haina mjadala

Mlio mwepesi asubuhi baada ya mvua, unaoisha ukikanyaga breki mara mbili tatu, ni kutu na unyevu. Mlio wa juu usioisha ni onyo kwamba pedi zinaelekea mwisho, maana pedi nyingi zina kibati kilichowekwa makusudi kilie zikibaki nyembamba. Ukisikia chuma kinakwaruza chuma, pedi zimekwisha. Gari hiyo haipakii.

Nasema hivyo kwa vijana wanaoshusha vitunguu au nyanya milimani, na hasa kwa anayepita Kitonga. Breki nzuri zenyewe huishiwa nguvu zikipata moto wa kukanyagwa mfululizo. Shuka na gia ndogo, iache injini ishike gari, breki iwe ya kusaidia. Pikapu ya tani moja iliyobebeshwa tani mbili haitakusikiliza pale chini.

Nipakie au nisipakie?

Nimezipanga kelele hizi kwa mafungu matatu, zinakili uzibandike kwenye kioo:

1. Usiondoke, au simama hapohapo: kugonga na taa ya oili, mgongo mzito wa chini ya injini, chuma kwa chuma kwenye breki, tairi linalocheza, kugonga kwa usukani au boljointi, nati za tairi zilizolegea, mkwaruzo wa wota pampu yenye kuvuja. Afadhali ukodi gari ya jirani leo.
2. Nenda karibu, mzigo nusu, na kesho iwe gereji: mkanda unaolia, krosi iliyokauka ambayo haijacheza, beringi ya klachi, difu inayopiga mluzi huku ina oili.
3. Panga baada ya mchumo: ti-ti-ti ya valvu, bushi za springi, mvumo wa matairi, vibati vya kukaza.

Kuna kitu kimoja hakimo kwenye mafungu haya kwa sababu mara nyingi hakilii kabisa: mkanda wa taiming. Injini za 2L, 3L na 5L zinautumia. Ukikatika, pistoni zinagonga valvu na injini inaharibika kwa sekunde. Kipimo kinachofahamika ni kubadilisha kila kilomita 100,000, na kwenye dashibodi nyingi kuna taa ya T-BELT kwa ajili hiyo. Lakini gari uliyonunua mkononi mwa mtu, namba za kilomita unaziamini? Kama huna ushahidi lini ulibadilishwa, badilisha, kisha andika tarehe na kilomita.

Ongea na fundi kama mwenye gari

Usiende gereji ukasema "gari inagonga". Sema hivi: "Inakwaruza ikiwa imesimama, inapanda na mafuta, klachi haibadilishi kitu, ilianza wiki iliyopita nikiwa na mzigo." Fundi mzuri atafurahi, umemwokolea saa nzima. Anayebahatisha naye atajua huyu hachezewi. Panda naye gari mkaisikie wote. Akisema injini ishushwe, muulize amepimaje, na umpelekee fundi wa pili kabla hujauza kitu. Kifaa kikibadilishwa, omba cha zamani ukione.

Nunua daftari moja, liweke kwenye gari. Andika oili, grisi, mikanda, pedi, na kila kelele mpya siku ilipoanza, kama unavyoandika siku ulizopiga dawa. Wiki mbili kabla ya mchumo wa kwanza, fanya majaribio haya yote mawili, la kusimama na la kutembea, gari ikiwa tupu. Muda huo bado unaweza kununua kifaa kwa bei ya kupatana. Ukisubiri matenga yawe bodini, bei utapangiwa.

Mavuno mema, na muendeshe salama.